Profaili za picha kwenye DSLR: maswali ambayo wapiga video wa Nairobi huniuliza kila mara

Kazi yangu ni kuhariri video za watu: harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), mazishi, nyimbo za injili. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu kando ya River Road, na kila Jumatatu asubuhi nakuta vijana kwenye ngazi wamesimama na diski mkononi. Kabla hata hawajaketi, swali ni lile lile: "Hii rangi inatengenezeka?" Mara nyingi inatengenezeka. Mara nyingine iliharibika Jumamosi saa saba mchana, mtu alipochagua profaili asiyoielewa kwa sababu kuna mwenzake alimwambia ndiyo ya sinema. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayotoa siku ambazo nimekwisha kunywa chai.

Profaili ya picha ni kitu gani hasa?

Ni maelekezo ambayo prosesa ya kamera hufuata inapogeuza mwanga uliopokewa na sensa kuwa picha. Giza liwe giza kiasi gani, rangi zikolee vipi, kingo za vitu zichongwe kwa ukali upi, ngozi iegemee wekundu au umanjano. Canon huiita Picture Style, Nikon huiita Picture Control, na kwenye Sony utakuta Picture Profile. Majina ni matatu, kazi ni ile ile.

Ukipiga picha ya mnato kwa RAW, yaani data ghafi ya sensa, maelekezo haya hayakufungi, utayabadilisha ukifika kwenye kompyuta. Video ya DSLR, ile kamera ya kioo ndani na lenzi za kubadilisha, haina bahati hiyo. RAW ni unga. Video ni chapati iliyokwisha kutoka kwenye kikaango: unaweza kuipasha moto, unaweza kuipaka siagi, lakini chumvi ikizidi imezidi.

Standard niliyoikuta kwenye kamera ina ubaya gani?

Kwa picha ya pasipoti, hakuna. Standard iliundwa ili picha moja ya mnato ipendeze bila kuguswa na mtu, kwa hiyo inaongeza kontrasti, inakoleza rangi na kunoa kingo. Kwenye picha ya megapikseli 18 unoaji huo huuoni. Kwenye video ya 1080p, ambayo fremu yake ina pikseli kama milioni 2 tu, unauona: kajistari keupe kanazunguka mabega ya bwana harusi kana kwamba amekatwa kwa mkasi na kubandikwa mbele ya maua.

Hilo ni dogo. Kubwa ni vivuli. Chukua bwana harusi mwenye ngozi nyeusi tititi, suti nyeusi, nywele zimenyolewa vizuri na kupakwa rangi. Standard inavitupa vyote vitatu katika shimo moja. Nikijaribu kuvitoa nakutana na chenga na miraba ya kijivu, kwa sababu mle ndani kamera haikuandika chochote.

Basi nitumie ipi? Nipe jibu fupi, niko kazini.

Kwenye Canon: Neutral. Ukali 0, kontrasti -2, ukolevu wa rangi -1, toni ya rangi iache 0. Kwenye Nikon: Neutral, ukali ushushe hadi 1 au chini yake, kontrasti punguza hatua moja. Zima Auto Lighting Optimizer ya Canon au Active D-Lighting ya Nikon, kwa sababu hizo ni mikono mingine inayopika chungu kile kile bila kukuuliza. Hifadhi mpangilio huo. Canon wana nafasi tatu za User Def. kwa kazi hiyo hiyo, nazo karibu kila kamera ninayoletewa ziko tupu.

Rudi kazini.

Mbona kwenye mitandao wote wanasema nipige video bapa, iliyopauka, ndipo nipake rangi baadaye?

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu wengi zilipopotea, zangu zikiwemo.

Mwaka 2008 Nikon walitoa D90, DSLR ya kwanza kurekodi video, na mwaka huo huo Canon wakatoa 5D Mark II, ya kwanza yenye sensa ya ukubwa wa fremu kamili ya filamu kurekodi 1080p. Ghafla mtu mwenye kamera ya harusi angeweza kupata mandhari yenye ukungu laini nyuma ya uso, kitu kilichokuwa cha sinema peke yake. Watu wakataka na rangi za sinema pia. Mwaka 2011 kampuni ya Technicolor ikatoa bure profaili ya Canon iitwayo CineStyle. Unaiingiza kwenye kamera kwa waya na programu ya EOS Utility, na video inatoka ya kijivu, imelala, haina weusi wala weupe. Wao wenyewe walishauri ukali uwe 0, kontrasti -4, ukolevu -2, na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ziwe za mafungu ya 160. Basi ikawa kama dini.

Wazo lenyewe si baya. Kamera za sinema hurekodi kwa mkunjo wa logi, ambao hugawa nafasi kwa haki zaidi kati ya giza na mwanga, ili mhariri wa rangi awe na cha kushika pande zote. Lakini kamera hizo huandika kwa biti 10 au zaidi. Biti 10 ni ngazi 1,024 kutoka weusi hadi weupe kwa kila rangi. DSLR yako inaandika biti 8, yaani ngazi 256. Zaidi ya hapo rangi zenyewe hurekodiwa kwa mpango wa 4:2:0, ambapo pikseli nne hushirikiana habari moja ya rangi, kama wapangaji wanne wanaotumia mita moja ya umeme.

Sasa ukiziweka ngazi zako 256 kwenye profaili bapa, uso wa mtu ambao ungetumia ngazi 80 labda unapewa 40. Unapofika kwangu unaniambia "rudisha kontrasti." Nazivuta zile 40 zienee nafasi ya 80. Zile nyingine sina pa kuzitoa, kwa hiyo kati ya ngazi na ngazi pana pengo, na pengo hilo utaliona kwenye anga ya Ngong kama mistari ya vitunguu vilivyokatwa.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana. Kodeki ya H.264, yaani mfumo wa kubana video, hupunguza uzito wa video kwa kutupa vitu inavyodhani jicho halitavikosa, na vya kwanza kutupwa ni tofauti ndogo ndogo za mwanga. Ukishapausha picha, vinyweleo, mishono ya kitambaa na umbile la ngozi vimekuwa ndiyo hizo tofauti ndogo. Kodeki inavifagia. Baadaye ukirudisha kontrasti unarudisha kontrasti ya plastiki.

Nilijifunza hili kwa harusi moja ya Kiambu. Niliweka CineStyle siku nzima, tena nikaweka mwanga chini kidogo "kulinda anga." Nikamaliza kuhariri usiku wa manane, nikaridhika, nikapeleka. Mama ya bibi harusi akatazama dakika tano, akasimamisha video na kidole bado kiko hewani. "Kijana, hawa watu wote walioga wakasahau mafuta?" Alikuwa sahihi. Shangazi watatu waliong'aa kwa vaselini na furaha, mimi nimewatoa wamepauka magoti hadi paji la uso. Nilirudia rangi ya kazi yote bila malipo na bado nusu yake haikurudi.

Kwa nini ngozi zetu ndizo zinaumia zaidi na profaili bapa?

Kwa sababu ya namna ngozi nyeusi inavyobeba mwanga. Ngozi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kwa jumla, kwa hiyo umbo la uso huonekana kwa vivuli. Kwa ngozi nyeusi ni kinyume: umbo huonekana kwa mng'ao. Ule mstari wa mwanga juu ya shavu, nukta kwenye ncha ya pua, ukingo wa paji la uso. Hapo ndipo uso ulipo. Profaili bapa kazi yake ya kwanza ni kushusha sehemu zenye mwanga na kupandisha giza. Inashusha mng'ao unakuwa kijivu, inapandisha ngozi iliyobaki inakuwa kijivu, vinakutana katikati. Ndiyo maana nasema usichague profaili kwa kutazama anga au jengo. Chagua kwa kutazama uso wa mtu utakayempiga.

Tatizo hili la vipimo vya watu wengine lina historia. Enzi za filamu, Kodak walituma kwenye maabara kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaja kuitwa kadi za Shirley, na mafundi walisawazisha rangi kwa kuangalia ngozi yake. Ikitoka vizuri yeye, kazi imeisha. Kamera za kidijitali zina uhuru mkubwa zaidi, ila kipimo cha mwanga ndani yake bado hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Mwelekeze mtu mweusi mwenye suti nyeusi, kitaongeza mwanga mpaka awe wa majivu. Mwelekeze bibi harusi aliyevaa gauni jeupe, kitapunguza mwanga mpaka gauni liwe kijivu na uso wake upotee. Kwa hiyo eksposha, yaani kiasi cha mwanga unaoingia, iweke kwa mkono, tazama mng'ao wa shavu. Uwe mkali lakini usiungue.

Portrait si ndiyo ya nyuso?

Jina linasema hivyo. Kwenye Canon, Portrait huivuta ngozi kuelekea upinki. Kwa watoto wachanga na maji ya kunde inaweza kupendeza. Kwa wengi wetu inatoa wekundu usiokuwepo, hasa jioni jua likishakuwa la dhahabu. Ukiipenda, isogeze toni ya rangi upande wa kuongeza hatua moja; upande huo huelekea umanjano, upande wa kutoa huelekea wekundu. Kisha punguza ukali, maana Portrait haianzi na 0.

Na Faithful, Landscape, Vivid, Auto, Monochrome?

Faithful imepimwa kwa mwanga wa takriban 5200K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), yaani mchana wa kawaida. Chini ya mwanga huo ni tulivu na ya kweli, na mahojiano ya nje nimewahi kuyapiga nayo nikafurahi. Landscape hukoleza buluu na kijani: jaribu mijakaranda ya mjini ikichanua kuelekea Oktoba, utarudi nyumbani na maua ya buluu ambayo Nairobi hayajawahi kuota. Vivid ya Nikon achia matangazo ya juisi.

Auto usiiguse kwenye video. Inaamua upya kulingana na kilicho mbele yake.

Monochrome: ukishaipiga nyeusi na nyeupe, rangi hazipo. Kila mwaka kuna mtu mmoja huniuliza kama nazo zinaweza kurudi.

Flat ya Nikon je? Nayo ni CineStyle kwa jina lingine?

Si kali kiasi hicho. Flat ilikuja na D810 mwaka 2014 na ikaenda kwenye D750 na nyingine zilizofuata. Inalegeza vivuli bila kuua uso kabisa, na kodeki ya Nikon za wakati huo huivumilia. Naikubali kwa mtu mwenye masharti mawili: atahariri, na ataweka mwanga wa kutosha. Ukipiga Flat kwenye giza, unapandisha chenga pamoja na vivuli. Kama video inakwenda kwa mteja usiku ule ule kupitia WhatsApp, weka Neutral ulale.

Jua la Nairobi saa saba mchana. Profaili gani inaliweza?

Hakuna. Tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na katikati ya Machi na kuelekea mwisho wa Septemba jua la adhuhuri husimama utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo mawili. Watu hudhani kontrasti -4 itajaza mashimo hayo. Itayapaka kijivu tu.

Msogeze mtu kwenye kivuli cha mti au ukuta, mgeuze atazame mahali penye uwazi. Arboretum na Karura kuna vivuli vya kutosha, ila angalia ukijani wa majani usimrudie usoni. Ukimuona kijani, mtoe hatua tatu nje ya mti. Kama ni lazima abaki juani, mweke jua likiwa nyuma yake na umrudishie mwanga kwa rifleta, hata ubao wa styrofoam wa kufungia TV unafaa. Hapo kwenye Canon unaweza kuwasha Highlight Tone Priority, ambayo huokoa gauni jeupe na mawingu kwa kuanzia ISO 200. Gharama yake ni chenga kidogo zaidi kwenye giza. Juani huna giza la kuhofia.

Ukipanga ratiba wewe, anza saa kumi na moja jioni. Huku jua halizungukizunguki, linadondoka, na saa kumi na mbili na nusu limekwisha.

Kwenye ruracio watu wote wametoka zambarau. Ni profaili?

Ni hema. Mapambo ya hema siku hizi ni vitambaa vya zambarau, pichi, wekundu wa damu ya mzee, na mchana jua hupita ndani yake likawa taa ya rangi hiyo juu ya wazee wote. Profaili haina dawa. Dawa ni mizani ya weupe ya kuweka mwenyewe: mpe mtu karatasi nyeupe aishike pale pale wazee wanapoketi, ipige, iambie kamera hii ndiyo nyeupe. Dakika moja. Ukiacha AWB (kamera ijichagulie mizani ya weupe), kila ukigeuza kamera kutoka kwa wazee kwenda kwa mbuzi nje, rangi inabadilika katikati ya klipu, na hiyo ni kazi ya kunitesa kuliko zote.

Unapopunguza ukolevu wa rangi hatua moja au mbili hapo, unasaidia kidogo. Hema jekundu kwenye Standard linaijaza chaneli nyekundu mpaka pomoni, na chaneli ikishajaa, mikunjo ya kitambaa, vivuli na shavu vinakuwa doa moja. Shuka za Kimaasai zina ugonjwa huo huo.

Mabati na suti za mistari zinachezacheza. Nipunguze nini?

Hayo mawimbi ya rangi yanatokea kwa sababu kamera za DSLR za miaka ile, ili kupata mistari 1,080 kutoka kwa sensa yenye maelfu, ziliruka mistari. 5D Mark II, 550D, 600D zote ni wahanga. 5D Mark III ya mwaka 2012 ilipunguza sana. Ukipiga paa za Mathare kutoka ghorofani na 600D, mabati yanageuka upinde wa mvua.

Kushusha ukali hadi 0 husaidia kwa sababu kamera inaacha kuyanoa mawimbi yenyewe. Haiyamalizi. Sogea karibu au mbali, badilisha pembe, au acha mabati yatoke nje ya fokasi kidogo. Na mwambie bwana harusi mapema kuhusu ile suti ya vijistari vyembamba. Hatakusikiliza, lakini umemwambia.

Tuna kamera mbili, mimi Canon 700D, mwenzangu Nikon D5300. Tutafananaje?

Neutral kwa Neutral, ukali chini kote, mizani ya weupe kwa namba moja ya Kelvin kwa wote au kwa karatasi moja. 700D haina Kelvin kwenye menyu, kwa hiyo nyie ni watu wa karatasi. Shata 1/50 ya sekunde, fremu 25 kwa sekunde wote wawili. Hiyo 1/50 si urembo: umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipiga 1/60 chini ya taa za mirija ukutani patapita vivuli vinavyotembea. Ukumbi ukiwa na mwanga mwingi, 1/100 pia ni salama.

Bado mtatofautiana. Kwa hiyo kabla ya misa, wote wawili mpigeni mtu mmoja, msimamizi wa bwana harusi kwa mfano, kwa sekunde kumi, mahali pamoja, akiwa ameshika karatasi nyeupe. Klipu hizo mbili hunipunguzia nusu siku ya kukisia.

Ndani ya matatu usiku, taa za buluu na zambarau. Nifanye nini?

Ukolevu -3, sahau kwa muda nilichosema cha -1. Taa za LED za rangi moja huijaza chaneli moja peke yake huku histogramu ya jumla, ule mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye picha, ikikuambia mambo ni shwari. Angalia histogramu ya RGB badala yake. Weka taa ndogo nyeupe karibu na uso wa kondakta, hata ya simu iliyofunikwa na tishu. Zile taa nyingine zinaweza kupepesa kwa shata yoyote, nyingi huendeshwa na vifaa vya bei rahisi.

ISO za 160, 320, 640 ni kweli au uchawi?

Kweli, kwa Canon nyingi za kizazi hicho, tena faida ni ndogo. 160 ni 200 iliyoshushwa kidogo kwa hesabu ndani ya kamera, kwa hiyo chenga inashuka nayo, ila unapoteza theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili) upande wa mwanga mkali. Gizani tumia. Juani haina maana.

Nilinunua LUT za sinema. Nikizibandika video inakuwa nyeusi na ngozi ya chungwa.

LUT ni faili la kubadilisha rangi za video kwa mkupuo, na karibu zote za kuuzwa zimetengenezwa kwa video ya logi: zinatarajia picha iliyolala, zinaisimamisha. Ukiibandika juu ya Neutral, ambayo tayari imesimama, unaipa kontrasti mara mbili. Ipunguze nguvu hadi asilimia 20 au 30, au iache kabisa urekebishe kwa mkono. DaVinci Resolve ya bure inatosha kwa kazi yote niliyoeleza hapa.

Hakuna DSLR yenye logi ya kweli?

Zipo. 5D Mark IV ilipewa Canon Log mwaka 2017 kwa malipo ya ziada, lakini ndani bado inaandika biti 8, kwa hiyo yote niliyosema juu ya ngazi yanaihusu. 1D X Mark III ya mwaka 2020 inarekodi Canon Log kwa biti 10 ndani yake. Mwenye hiyo hana haja ya kusoma ukurasa huu, na mara nyingi ana mhariri wake.

Na Magic Lantern?

Ni programu ya bure ya kuongezea kwenye Canon kadhaa, si ya Canon wenyewe, na tangu 2013 imewezesha video ya RAW. Hapo profaili haikuhusu tena, una unga mtupu. Ila 5D Mark III kwa 1080p inakula zaidi ya megabaiti 80 kila sekunde. Hotuba ya mjomba ya dakika ishirini piga hesabu mwenyewe, kisha nenda ukaulize bei ya kadi.

Skrini ya nyuma inaonyesha vizuri, kompyuta inaonyesha vibaya. Nani mwongo?

Skrini. Iko juani, wewe una jasho, mwangaza wake uko juu kabisa, kwa hiyo unapunguza eksposha bila kujua. Ushushe mwangaza wa skrini uwe wa kati, nunua kifuniko cha kuchungulia au jifunike kichwa na koti kama wapiga picha wa zamani. Na histogramu nayo husoma picha baada ya profaili kupita, ndiyo maana ukiwa na profaili bapa itakaa katikati kwa adabu hata kama uso uko gizani.

Nimeshapiga harusi nzima kwa Standard, ukali juu. Inaokoleka?

Kama eksposha na mizani ya weupe viko sawa, ndiyo, na mteja hatajua. Nitashusha ukolevu, nitapandisha vivuli mpaka pale chenga inapoanza, nitalainisha kidogo kingo. Ile mistari myeupe ya mabegani itabaki. Standard iliyopigwa kwa mwanga mzuri naipenda kuliko CineStyle iliyopigwa gizani, na hili nimewaambia watu wakanikasirikia.

Nikikuletea video ya Neutral kama ulivyosema, utanipunguzia bei?

Nitakupunguzia siku. Kazi ya siku nne utaichukua baada ya mbili. Bei tutaongea ukifika, ila usije Jumatatu, na uje na ile klipu ya karatasi nyeupe.